SCSEP kwa wazee wetu wa miaka 55+ hapa Marekani: nani anastahili, na mshahara wake unagusa misaada gani?

Mratibu_Jumuiya

Habari zenu wakuu. Chama chetu cha jamii kinataka kuanza kuwaelekeza wazee wanaotafuta kazi kwenye SCSEP, yaani Senior Community Service Employment Program. Ni ule mpango wa serikali kuu unaowalipa watu wa miaka 55 na kuendelea kufanya kazi za muda maktaba, shuleni, vituo vya wazee na kwenye mashirika yasiyo ya faida, huku wakijifunza kazi itakayowaajiri baadaye. Kabla hatujampeleka mtu nataka kuelewa mahesabu. Mzee akipata dola mia kadhaa kwa mkono mmoja, akakatwa msaada kwa mkono mwingine bila kuambiwa, tutakuwa tumemuumiza.

Wanaofika dawatini ni wa aina nne hivi:

A. Mama wa miaka 58, aliingia kama mkimbizi, sasa ana green card. Anapokea SNAP, ule msaada wa chakula. Kiingereza chake ni kidogo, hajawahi kuajiriwa hapa.

B. Baba wa miaka 67, SSI (posho ya serikali kuu kwa wazee na walemavu wasio na uwezo) ndiyo kipato chake pekee. Aliingia kama mkimbizi, anamaliza mwaka wa tano, bado si raia.

C. Mama wa miaka 61, hana kipato, anaishi kwa kijana wake mwenye kazi nzuri.

D. Baba wa miaka 63, anapokea Social Security (pensheni ya serikali kuu) dola 1,400 kwa mwezi, anaishi nyumba ya Section 8 (serikali inamsaidia kodi ya nyumba), na mara moja moja anapata kibarua cha kufyeka uwanja wa mtu.

Nani anapita hapa? Waje na karatasi gani? Na mshahara utagusa nini?

---

Karani_wa_Mapokezi

Mkuu, nianze na kupita au kutopita. Wengine watakuja kwenye misaada.

SCSEP imo katika Sura ya Tano ya Older Americans Act ya 1965, na kanuni zake ziko 20 CFR 641. Masharti makubwa ni matatu: miaka 55 au zaidi, hana kazi siku anapoomba, na kipato cha familia hakizidi asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Kwa viwango vya 2025, mtu mmoja ilikuwa dola 19,562.50 kwa mwaka. Familia ya wawili ilikuwa dola 26,437.50. Alaska na Hawaii wana viwango vyao vya juu zaidi, na vyote hubadilika kila mwaka mapema, kwa hiyo usitumie jedwali la mwaka jana.

Kipato kinahesabiwa kwa njia mbili: cha miezi 12 iliyopita, au cha miezi 6 iliyopita kuzidishwa mara mbili. Kanuni inataka itumike ile inayomfaa zaidi mwombaji. Hili liulize kwa sauti. Mtu aliyeachishwa kazi nzuri miezi saba iliyopita anaweza kuanguka kwa hesabu ya miezi 12 na kupita kwa hesabu ya miezi 6.

Tena si kila pesa inaingia kwenye hesabu. SSI haihesabiwi. Malipo ya ukosefu wa kazi hayahesabiwi. Malipo ya idara ya wanajeshi wastaafu hayahesabiwi. Na robo ya Social Security inaachwa. Kwa hiyo huyo baba D: 1,400 mara 12 ni 16,800, toa asilimia 25, zinabaki 12,600. Anapita kwa nafasi kubwa. Vile vibarua vyake haviharibu kitu: kanuni inamhesabu kuwa hana kazi hata mtu anayepata kibarua cha hapa na pale kisichompa kipato cha kudumu. Ila avitaje kwenye fomu pamoja na pesa aliyolipwa. Kuficha ndiko kunakomfukuza mtu baadaye, maana taarifa ya uongo ni sababu ya kuondolewa kwenye mpango.

Baba B anapita bila shida, kipato chake kinachohesabiwa ni sifuri.

Mama C ndiye anayewakwamisha wengi, kwa kuwa mzee mwenyewe anaandika mshahara wa kijana wake akidhani ndivyo inavyotakiwa. Kwa mpango huu familia ni mume na mke, au mzazi na watoto wanaomtegemea. Mama wa miaka 61 anayelala nyumba moja na mwanawe mtu mzima kwa kawaida ni familia ya mtu mmoja. Swali la kumuuliza kijana ni hili: je, kwenye ritani ya kodi ya mwaka uliopita ulimwandika mama kama mtegemezi? Kama ndiyo, afisa atachukulia kwamba yumo katika familia ya kijana mpaka ionyeshwe vinginevyo, na mshahara wa kijana utaingia. Waamue mapema kipi kina faida kwao, maana haiwezekani kuvuna pande zote mbili.

Kuhusu foleni: nafasi ni chache na kuna mpangilio wa nani atangulie. Wenye miaka 65 na zaidi, wenye ulemavu, wanaoishi vijijini, wasio na makazi au walio hatarini kuyakosa, waliowahi kuwa jeshini na wenzi wao wanaostahili, na, hili wazee wetu hawalijui, wenye Kiingereza kidogo au wasiosoma vizuri wanapewa kipaumbele. Mama A asijikaze kuzungumza Kiingereza cha kuombea maji ili aonekane anajiweza. Aseme ukweli na aombe mkalimani wa Kiswahili. Shirika linalopokea fedha za serikali kuu linatakiwa kuchukua hatua zinazofaa ili ahudumiwe kwa lugha anayoielewa, na hatozwi. Asije na mjukuu wa miaka 12 kutafsiri habari za kipato.

Karatasi: uthibitisho wa umri, wa anuani, wa kipato cha miezi 12 kwa kila mtu wa familia (barua ya Social Security au SSI, hati za malipo), na hati ya fomu I-9 (ya kuthibitisha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi), kwa sababu atalipwa mshahara. Green card peke yake inatosha kwa I-9. Asiye nayo anaweza kutumia kitambulisho cha jimbo pamoja na kadi ya Social Security isiyo na maandishi ya kuzuia kazi.

Tatizo la waliotoka kambini ni tarehe za kuzaliwa. Wengi waliandikwa 1 Januari, na wengine mwaka wenyewe umepunguzwa. Afisa anafuata karatasi. Ikisema miaka 54, ni 54, hata kama watoto wake wakubwa wana wajukuu. Na green card ikisema mwaka mmoja, kitambulisho kingine kikasema mwingine, faili linasimama. Linganisheni tarehe zote nyumbani kabla ya kwenda.

---

Hesabu_za_Misaada

Karani kaeleza vizuri, naendelea na pesa.

Mpango hutoa wastani wa saa 20 kwa wiki, na mshahara ni kile kima cha chini kilicho juu kuliko vingine kati ya serikali kuu, jimbo na mji. Nitatumia kima cha serikali kuu, dola 7.25, kwa kuwa ndicho cha chini kabisa: 145 kwa wiki, takriban 628 kwa mwezi kabla ya makato. Jimbo lenu likiwa na kima cha juu, badilisheni namba, utaratibu haubadiliki.

Nyumba na SNAP. Sheria yenyewe inasema mshahara wa SCSEP hauhesabiwi kuwa kipato katika mpango wowote wa nyumba unaotumia fedha za serikali kuu, wala katika SNAP. Kwa hiyo kodi ya nyumba ya baba D isipande hata dola moja, na SNAP ya mama A isipungue. Shida ni kwamba maafisa wengi wa nyumba wanaona hati ya malipo, wanaiingiza kwenye kompyuta, kodi inapanda. Siku ya kwanza kazini aombe barua ya shirika inayosema malipo haya ni ya Sura ya Tano ya Older Americans Act, aiwasilishe *pamoja* na hati ya malipo. Asiache kuripoti, aripoti na aonyeshe kwamba hayahesabiwi. Kodi ikishapandishwa kimakosa aombe usikilizwaji kwa maandishi ndani ya muda ulioandikwa kwenye ile barua.

Jambo la pili kwenye SNAP ni jipya na linamhusu mama A moja kwa moja. Sheria ya Julai 2025 iliongeza umri wa wanaotakiwa kuonyesha saa 80 za kazi au mafunzo kwa mwezi mpaka miaka 64. Asiyetimiza na hana msamaha, kwa mfano wa kiafya, anapata SNAP miezi 3 tu ndani ya miaka 3. Saa za SCSEP ni kazi, zinahesabika. Yaani pesa haihesabiwi dhidi yake lakini saa zinahesabiwa kwa faida yake. Ila angalieni ratiba: baadhi ya miradi ikibanwa na bajeti hutoa saa 18 kwa wiki. 18 mara 52 gawa kwa 12 ni 78. Amekosa kwa saa 2. Hapo aongezewe darasa la Kiingereza au mafunzo yanayokubalika na ofisi ya SNAP, na apewe karatasi ya mahudhurio.

SSI ni kinyume. Huko mshahara wa SCSEP unahesabiwa kama mshahara mwingine wowote. Baba B, kwa kiwango cha 2025 kilichokuwa dola 967 (dola 20 za kwanza za kipato na 65 za kwanza za mshahara haziguswi):

628 toa 20 toa 65 = 543. Nusu yake 271.50 ndiyo inayokatwa. SSI inabaki 695.50. Jumlisha na mshahara, anakuwa na 1,323.50 badala ya 967.

Ameongeza kama 356 kwa mwezi, kabla ya nauli na makato ya kodi. Bado ni faida, lakini mwambieni namba hiyo kabla hajasaini, asije akapanga maisha kwa 967 + 628.

Makosa yanayozaa deni la SSI ni matatu. La kwanza, kuchelewa kuripoti: mshahara wa mwezi mmoja uripotiwe kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. La pili, wanaolipwa kila wiki mbili huwa na miezi miwili kwa mwaka yenye malipo matatu. SSI inaangalia pesa iliyopokelewa mwezi huo, kwa hiyo 290 mara tatu ni 870, na makato yanapanda hadi 392.50. Makato hayo hujitokeza kwa kawaida miezi miwili baadaye, wakati mzee ameshasahau. La tatu, akiba. Mtu mmoja haruhusiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000, wanandoa 3,000. Mshahara ukikaa benki bila kutumika, mwezi unaofuata ni mali.

Social Security ya baba D haikatwi. Kwa aliyeanza kuichukua kabla ya umri kamili wa kustaafu, kikomo cha mshahara cha 2025 kilikuwa dola 23,400 kwa mwaka. Saa 20 kwa wiki hazifiki huko hata kwa kima cha dola 17.

Kodi ya mapato. Ni mshahara wa kawaida, utakuja na W-2, ile fomu ya mshahara wa mwaka. Aliye chini ya miaka 65 aulize kuhusu ile nafuu ya kodi ya wafanyakazi wa kipato kidogo, EITC. Hata asiye na watoto anaweza kuipata, mradi awe kati ya miaka 25 na 64. Vituo vya VITA hujaza ritani bure.

---

Mratibu_Jumuiya

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Mawili yamebaki. Baba B: nimesikia SSI ya mkimbizi ina mwisho. Je, SCSEP inamsaidia hapo? Na la pili, tunafanyaje ili mzee asimalize muda wake akiwa anafuta meza tu, kisha anarudi nyumbani mikono mitupu?

---

Hesabu_za_Misaada

La kwanza nalijibu mimi. Ndiyo, mkimbizi asiye raia ana miaka 7 ya SSI. Kuna njia mbili za kuendelea baada ya hapo: uraia, au kuwa na green card pamoja na krediti 40 za kazi za Social Security. Mshahara wa SCSEP unakatwa kodi ya Social Security, kwa hiyo unazaa krediti, ila kwa hesabu hii ya 40 robo ya mwaka ambayo anapokea SSI haihesabiwi. Lakini mfanyie hesabu ya kweli. Kwa mwaka zinapatikana 4 tu, na SCSEP ina kikomo cha miezi 48 maishani. Hata zingehesabiwa zote, hizo ni kama krediti 16. Hazimfikishi 40 kabla ya mwaka wa saba. Kama ana mke aliyefanya kazi wakiwa kwenye ndoa, krediti za mke zinaweza kuongezwa kwa ajili ya SSI, zihesabuni.

Na hata hizo 4 kwa mwaka zina ukingo mwembamba. Mwaka 2025 krediti moja ilihitaji dola 1,810, zote nne 7,240. Kwa kima cha 7.25 mwaka mzima ni 7,540, kwa hiyo akikosa wiki tatu anaishia na tatu. Mwaka 2026 krediti imepanda hadi 1,890, zote nne ni 7,560. Anapungukiwa dola 20. Kwenye jimbo la kima cha 7.25, aombe saa tatu za ziada mahali fulani katika mwaka, hilo tu linamwokolea krediti.

Kwa baba B uraia ndio dawa. Green card ya mkimbizi inarudishwa nyuma hadi siku aliyoingia Marekani, kwa hiyo mwaka wa tano ukitimia anaweza kuomba. Asisubiri barua ya kusitishiwa SSI. Darasa la uraia linaweza kupangwa asubuhi na kazi ya SCSEP mchana, hayagongani.

---

Mkufunzi_Ajira

Swali la pili ndilo lililonileta. Kiini cha SCSEP ni ile karatasi inayoitwa mpango binafsi wa ajira, na kwa bahati mbaya ndiyo inayojazwa kwa haraka kuliko zote. Mzee anafanyiwa tathmini angalau mara mbili kila miezi 12, ukihesabu na ile ya kuingia. Kila tathmini ni nafasi ya kubadilisha kazi aliyopangiwa. Wasiojua hilo hukaa kituo kimoja mpaka muda uishe.

Kabla hajasaini, soma mistari ya malengo. "Atajifunza kazi za ofisi" si lengo. Lengo ni: baada ya miezi 3 ataweza kupokea simu na kuandika ujumbe kwa Kiingereza; baada ya miezi 6 ataingiza taarifa kwenye jedwali la kompyuta bila msaada; baada ya miezi 9 ataomba kazi tano za mapokezi. Kila lengo liwe na tarehe na kitu kinachoweza kuonwa. Kisha muulizeni msimamizi wa kituo: ni nani kwa jina atakayemfundisha, na siku gani? Akisita kujibu, omba kituo kingine. Kituo hakiruhusiwi kumtumia mzee kuziba nafasi ya mfanyakazi aliyepunguzwa, na panaponuka hivyo huwa hakuna mafunzo.

Saa za mafunzo hulipwa sawa na saa za kazi. Darasa la Kiingereza, kompyuta, cheti cha usalama wa chakula, yote yanaweza kuingizwa kwenye mpango yakiwa yanaelekea kwenye kazi inayotajwa humo. Kwa mama A ningeomba angalau saa 6 kati ya 20 ziwe za Kiingereza miezi minne ya mwanzo, na kituo chenye maneno machache yanayojirudia: jiko la shule, kituo cha watoto, ghala la chakula cha msaada. Kumweka mapokezi siku ya kwanza ni kumvunja moyo.

Kisha, miezi 48 ni ya maisha yote, inajumlishwa hata akihama jimbo au shirika. Na si wote watafika huko: mashirika yanatakiwa wastani wa washiriki wao usizidi miezi 27, hivyo yatasukuma watu kutoka mapema. Wenzetu waliofika 75 au wenye ulemavu mzito wanaweza kuongezewa muda pale shirika linaporuhusu. Kipato kinahakikiwa upya kila miezi 12. Akikataa bila sababu ya msingi kazi zinazolingana na mpango wake anaweza kuondolewa, lakini lazima apewe notisi ya maandishi siku 30 kabla, na kuna utaratibu wa malalamiko. Afungue barua zote siku zinapofika.

Msiwaambie pia kwamba ni kazi ya uhakika. Mwaka wa bajeti huanza 1 Julai, na fedha za mashirika ya kitaifa zilichelewa Julai 2025, miradi kadhaa ikasimamisha washiriki. Andikisheni kila mzee vilevile kwenye American Job Center (kituo cha umma cha kutafutia kazi) iliyo karibu. Nyingi zinapokea rufaa za SCSEP, na kukwama huku hakumfungii kule. Kutafuta mradi wa SCSEP wa eneo lenu, tovuti ya CareerOneStop ina ukurasa wa kutafuta kwa msimbo wa posta.

Kwa mzee ambaye hesabu ya SSI inamtia hofu, kuna mlango wa pembeni: Foster Grandparent na Senior Companion za AmeriCorps Seniors, mipango ya serikali kuu ya wazee wanaojitolea. Miaka 55+, kipato hadi asilimia 200 ya kiwango cha umaskini, saa 5 hadi 40 kwa wiki. Posho yake kwa saa ni ndogo kuliko kima cha chini, lakini haikatwi kodi, na haihesabiwi kwenye SSI, SNAP wala nyumba. Haizai krediti za Social Security, kwa hiyo inamfaa asiyezihitaji.

Mratibu, kama unapanga foleni kesho: D na A wapelekwe mara moja, B baada ya kukaa naye na zile namba huku fomu ya uraia ikiwa mezani, na C akishaleta nakala ya ritani ya kijana wake.